Vishubaka 100 vya kuchaji simu Kibirizi, na kijana aliyeangusha dhana ya miaka 40

#1 ChajiKibirizi (mleta mada)

Wakuu, salaam kutoka Kigoma mwisho wa reli. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye nafasi avute kigoda.

Nina kibanda cha kuchaji simu hapa Kibirizi, mwaloni kabisa. Kipindi cha giza, wavuvi wa dagaa wakijiandaa kuingia ziwani, kuanzia saa kumi na moja jioni hivi wananiachia simu. Hakuna anayetaka simu yake ilale kwenye mtumbwi ikirushiwa maji usiku kucha. Asubuhi wanarudi na mzigo wao, wanachukua simu imejaa chaji, wananilipa. Mbalamwezi ikiingia nakaa kama yatima, ila hayo tuyaache.

Seremala alinipigia kabati la vishubaka 100, safu kumi, kila safu vishubaka kumi. Kila kimoja kina waya wake na namba yake, 00 hadi 99. Kanuni yangu ni moja tu: simu inaingia kwenye kishubaka chenye tarakimu mbili za mwisho za namba ya mteja. Namba yako inaishia 47, simu yako iko 47. Sina daftari wala risiti. Mteja anataja namba, mkono unaenda wenyewe.

Shida ni pale wateja wawili wanapoishia 47. Hapo nikajiongeza: kikiwa kimejaa, sogea 48. Nacho kimejaa, 49. Mpaka upate kilicho wazi. Kutafuta asubuhi ni njia ileile: anza 47, soma namba kamili kwenye plasta niliyobandika mgongoni mwa simu, siyo yenyewe, songa mbele. Ukikuta kishubaka kitupu, ujue simu hiyo haikuletwa.

Sasa sikieni kilichotokea. Asubuhi moja nilimwachia mdogo wangu kibanda nikaenda kunywa chai. Akaja mvuvi, namba inaishia 47. Dogo akachungulia 47, kitupu. Akamwambia, "Kaka, simu yako imeshachukuliwa." Niliposikia kelele nilidhani kuna mtumbwi umezama. Nafika, mvuvi kamshika dogo ukosi, wenzake wanne nyuma, harufu ya dagaa na hasira. Simu ilikuwa imekaa zake kwenye 49! Jioni ile 47 ilikuwa na simu ya mtu mwingine, 48 vilevile, ndiyo maana yake ikasogea hadi 49. Mwenye 47 aliwahi kuchukua ya kwake alfajiri, akaacha pengo. Dogo kakuta pengo, kaishia hapo.

Nilipomsimulia mpwa wangu anayesoma kompyuta chuoni, alicheka mpaka akakaa chini. "Mjomba, umetengeneza jedwali la heshi bila kujua. Na hilo pengo lina jina."

Tangu siku hiyo sijalala vizuri, nasoma tu. Nimekuta mambo ya mwaka 2025 yaliyonifanya nije kuandika hapa. Naendelea chini.

#2 BintiUjiji

Nimevuta kigoda. Ila mkuu, si uandike tu kwenye daftari kama watu wengine?

#3 ChajiKibirizi

Dada, daftari nililitumia mwaka mzima. Simu 90 ni mistari 90. Mtu anataja namba, unashuka na kidole mstari kwa mstari, wengine thelathini wamesimama nyuma wanataka wakauze dagaa kabla jua halijawa kali. Ukitaka kuzipanga kwa mfuatano wa namba, kila simu mpya inataka nafasi katikati, unaanza kusukuma zote. Kishubaka kinakupeleka moja kwa moja.

#4 mzee_wa_migebuka

Tumia tarakimu za mwanzo basi, ndizo watu wanazokumbuka.

#5 ChajiKibirizi

Mzee shikamoo. Za mwanzo ndiyo balaa. Wateja wote wa mtandao mmoja wa simu wanaanza sawa, ningekuwa na vishubaka vitatu vimefurika na vingine vyote vimelala. Kinachotakiwa ni sehemu ya namba iliyotawanyika ovyo. Heshi maana yake ni hiyo tu: unachukua kitambulisho, unakivurugavuruga, unapata namba ya mahali.

Na hata ikitawanyika vizuri, kugongana huja mapema kuliko unavyodhani. Mpwa wangu alinipigia hesabu: vishubaka 100, simu 13 tu, uwezekano wa angalau mbili kutaka kishubaka kimoja umeshapita nusu. Mimi nilikuwa nadhani labda nikifika 50.

#6 ChajiKibirizi

Naendelea. Wazo lenyewe ni la kizamani. Hans Peter Luhn wa IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, aliliandika kwenye waraka wa ndani wa kampuni mwaka 1953. Mwaka uliofuata, hapohapo IBM, Gene Amdahl, Elaine McGraw na Arthur Samuel wakatumia ile ya "kimejaa, sogea cha jirani". Yaani kanuni yangu ya Kibirizi ina miaka zaidi ya sabini, na mimi nilikuwa najisifu.

Mwaka 1963 Donald Knuth, kijana bado, akakaa akapiga hesabu ya gharama ya kusogea-sogea. Hapa ndipo nilipopata jibu la swali lililokuwa linanisumbua: kwa nini kibanda kikiwa nusu kazi ni laini, kikikaribia kujaa kazi inakuwa jehanamu ghafla? Nilidhani ni uchovu wa jioni.

Sio uchovu. Ukiwa na jedwali kubwa lililojaa asilimia 90, kumtafutia mgeni nafasi kwa kusogea jirani hadi jirani kunakugharimu kwa wastani kuchungulia vishubaka kama 50. Likijaa asilimia 99, ni kama 5,000. Sababu ni kwamba vilivyojaa vinashikana mikono, vinafanya foleni ndefu, na kila anayeangukia popote ndani ya foleni anakwenda kuirefusha mkiani. Mwenye nacho huongezewa.

Dawa ya kwanza: usisogee kwa jirani, ruka ovyo. Kila mteja apewe mfuatano wake wa mahali pa kujaribu, 47, kisha 12, kisha 83, na kuendelea. Foleni zinavunjika. Kwa asilimia 90 unachungulia kama mara 10, kwa asilimia 99 kama mara 100. Yaani ikibaki wazi nafasi moja katika mia, utajaribu kama mara mia. Ukifikiri vizuri inaingia akilini kabisa, na ndiyo maana watu waliona hapo ndipo mwisho.

#7 Mnyanyembe wa Isevya

Tabora tunakusoma. Mimi nauza asali, madumu yangu nayapanga hivyohivyo kwa namba za wafugaji wa nyuki. Sasa huyo kijana yuko wapi? Umetuahidi kijana kwenye kichwa cha habari.

#8 ChajiKibirizi

Anakuja mkuu, kwanza mpishe mzee.

Mwaka 1985 Andrew Yao, mmoja wa vigogo wa sayansi ya kompyuta (mwaka 2000 alipewa tuzo ya Turing, ile kubwa kabisa ya fani hiyo), alitoa karatasi ya utafiti inayosema ule urukaji ovyo ndio bora kabisa. Alizungumzia njia walizoziita za kilafi: ukikuta nafasi wazi, unaikalia hapohapo, huulizi. Kwa wastani wa simu zote alithibitisha kabisa kwamba mlafi hawezi kuushinda urukaji ovyo. Kuhusu yule mteja mwenye bahati mbaya kuliko wote, anayekuja wa mwisho, aliacha dhana: naye hakuna namna ya kumpunguzia kwa maana yoyote. Kama imebaki wazi moja katika elfu, atahangaika kiasi cha elfu.

Miaka 40 watu wakaishi na hiyo.

Kijana ni Andrew Krapivin. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza chuo cha Rutgers, Marekani, alipokutana na karatasi ya watu wengine kuhusu vielekezi vidogo, yaani namna ya kusema "kitu kiko kule" kwa maneno machache kuliko kawaida. Mmoja wa waandishi wake, Martin Farach-Colton, aliwahi kumfundisha. Kijana akawa anajaribu kuvipunguza vile vielekezi zaidi, na ili avipunguze alihitaji jedwali la heshi la aina nyingine. Akalitengeneza. Mwalimu hakuamini mwanzoni, akamshirikisha William Kuszmaul alikague, na Kuszmaul ndiye aliyeona kwamba dhana ya Yao imeanguka. Mwezi wa kwanza 2025 wakatoa karatasi watu watatu.

Kilichonipa raha mimi: Krapivin hakuwa anaijua dhana ya Yao. Hakwenda kupigana na mzee. Alikuwa anatafuta kishubaka.

#9 fundi_wa_Mwanga

Kumbe ujinga ni mtaji 😂 Natoka kazini nikajifunze kutokujua.

#10 MpwaWaMjomba

Shikamoo mjomba. Ni mimi uliyenitaja. Naomba nikurekebishe kidogo kabla watu hawajakurukia.

Karatasi ile ina njia mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya faneli, na hiyo ni lafi kabisa, inakalia nafasi ya kwanza iliyo wazi kama Yao alivyotaka. Hii ndiyo iliyoangusha dhana yake. Pale alipodhani mwenye bahati mbaya atachungulia mara elfu, faneli inampa kiasi cha logi ya elfu mara yenyewe. Logi ya elfu kwa msingi wa mbili, yaani mara ngapi uigawe elfu kwa mbili hadi ibaki moja, ni kama 10, kwa hiyo 10 mara 10, 100. Kuna vizidishi sijavihesabu, lakini mwendo ndio huo: jedwali likizidi kujaa, pengo kati ya Yao na faneli linazidi kupanuka.

Ya pili waliiita ya kunyumbuka. Hii si lafi. Wakati wa kuweka, inaweza kuona nafasi wazi ikaipita makusudi. Mtu wa mwisho anashuka hadi kiasi cha logi yenyewe, kama 10. Lakini ajabu yake iko kwenye wastani: ukijumlisha gharama ya kutafuta vitu vyote ukagawa, jibu haliongezeki hata jedwali likijaa kiasi gani. Namba ileile. Kwa njia lafi hilo haliwezekani, Yao alilithibitisha na uthibitisho wake bado umesimama. Kwa hiyo mzee hakukosea kila kitu.

Na yote haya ni bila kuhamisha vitu vilivyokwisha kuwekwa. Ukiruhusu kuhamisha, kuna mbinu nyingine za zamani.

#11 ChajiKibirizi

Marahaba mpwa. Nimeinama. Kuhamisha mimi siwezi, nikichomoa simu ya mtu katikati ya chaji asubuhi atakuta asilimia 30 anidai hela yake.

#12 BintiUjiji

Mimi bado niko kwa yule mvuvi aliyemkaba dogo. Hilo pengo mmelitatuaje? Mpwa amesema lina jina.

#13 MpwaWaMjomba

Dada, wanaliziba kwa kitu kinachoitwa kaburi. Ukiondoa kitu huachi pengo tupu, unaacha alama: hapa palikuwa na mtu. Anayetafuta akikuta kaburi anaendelea mbele. Akikuta pengo la kweli ndipo anasimama.

Zamani makaburi yalionekana ni uchafu wa lazima. Yanajaa jedwali, yanachelewesha utafutaji. Mwaka 2021 Michael Bender na akina Kuszmaul wawili, William huyuhuyu na Bradley baba yake, wakaonyesha kwamba kwa njia ya kusogea jirani makaburi yana faida kubwa wakati wa kuweka, kwa sababu mgeni anaweza kukalia kaburi badala ya kwenda hadi mkiani mwa foleni. Wakapendekeza hata kuyapanda kwa makusudi, yakitawanywa kwa vipimo. Ile hesabu ya Knuth ya 5,000 ni ya jedwali linalojazwa tu bila kutolewa kitu.

#14 ChajiKibirizi

Kaburi langu ni kisoda. Jirani anauza soda, nilimwomba visoda mfuko mzima. Simu ikitoka, kisoda kinaingia. Saa nne asubuhi simu zote zikishaondoka navikusanya ndooni, kabati linabaki safi mpaka jioni.

Na hapa ndipo nilipogundua kibanda changu kinafanana na karatasi ya 2025 kuliko nilivyodhani. Jioni napokea tu, hakuna anayechukua, wote wako majini. Asubuhi natoa tu, hakuna anayeleta. Wao nao wamepiga hesabu ya kujaza kwanza, kisha kutafuta.

#15 Asiyeshawishika

Samahani nikate utamu. Nafanya kazi ya programu. Hakuna anayejaza jedwali hadi asilimia 99. Python, lugha ya kuandikia programu, inapanua kamusi zake (ndiyo majedwali yake ya heshi) zikifika theluthi mbili. SwissTable, jedwali la heshi la Google, inapanua ikifika saba ya nane. Kumbukumbu ya kompyuta ni bei rahisi, unaongeza nafasi maisha yanaendelea. Hizi ni hesabu nzuri za ukutani.

#16 MpwaWaMjomba

Kaka uko sahihi kwa leo, sikatai. Hata waandishi wenyewe kazi yao ni ya nadharia, hawakuja kuuza maktaba ya programu. Lakini umesema "unaongeza nafasi". Mjomba ataongeza vipi? Kabati ni moja, ukuta ni mmoja.

#17 ChajiKibirizi

Na seremala ananidai bado.

#18 ChajiKibirizi

Nimerudi baada ya siku tisa. Giza limeingia, nimeijaribu faneli kwenye kabati. Niwaonyeshe nilivyofanya, maana maneno matupu hayachaji simu.

Nimeligawa kabati kwa mafungu ya vishubaka vitano vitano, nusu safu. Safu tano za juu ni mafungu 10, hiyo ngazi ya kwanza. Safu tatu zinazofuata ni mafungu 6, ngazi ya pili. Safu moja na nusu ni mafungu 3, ngazi ya tatu. Nusu safu ya chini kabisa, vishubaka vitano, ni akiba ya yeyote. Inakwenda ikipungua kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa.

Simu inakuja. Tarakimu ya mwisho inachagua fungu la juu: inaishia 7, fungu la 7. Kuna nafasi, inakaa ya kwanza iliyo wazi. Yote matano yamejaa? Sihangaiki na jirani, nashuka ngazi ya pili, tarakimu ya pili kutoka mwisho inagawanywa kwa 6, baki ndilo fungu. Limejaa? Ngazi ya tatu, tarakimu nyingine, inagawanywa kwa 3. Limejaa nalo? Akiba.

Kwa hiyo mwenye bahati mbaya kuliko wote Kibirizi hii nzima anachunguliwa vishubaka 20, basi. Kwa kanuni ya zamani kuna jioni nilikuwa na simu 96, nikapita vishubaka 41 kutafutia moja nafasi. Nilihesabu kwa hasira.

Lakini kuna jambo sikulitegemea. Fungu la vitano macho yanalimeza kwa mpigo mmoja! Sisomi kimoja kimoja. Natupa jicho, naona plasta tano, narudi na jibu. Vishubaka 20 kumbe ni kutupa jicho mara nne. Na visoda sivihitaji tena, kwa sababu ndani ya fungu naona vyote vitano hata kukiwa na pengo katikati.

#19 Asiyeshawishika

Hapo kwenye jicho umenigusa. SwissTable inafanya hivyohivyo, inalinganisha alama za nafasi 16 kwa amri moja ya prosesa. Ndiyo siri ya kasi yake.

#20 MpwaWaMjomba

Mjomba, swali moja. Mtu akija asubuhi na simu yake haiko fungu la kwanza, na ndani ya fungu kuna pengo kwa sababu wengine wameshachukua. Utajuaje kama ushuke ngazi ya pili au umwambie haipo?

#21 ChajiKibirizi

...

Nashuka tu.

#22 MpwaWaMjomba

Umeona? Hapo bado unahitaji kaburi, au ukubali kutupa jicho mara zote nne kwa kila asiyekuwepo.

#23 ChajiKibirizi

Asiyekuwepo ni nadra mpwa, nani anadai simu ambayo hakuileta? Nakubali jicho mara nne.

Kasoro nyingine niiseme mwenyewe kabla hamjaikuta. Kati ya jioni tisa, mbili faneli imenifurikia. Akiba ilijaa na juu kulikuwa na nafasi moja moja ambazo hazikupata mwenyewe. Simu mbili siku ya kwanza, moja siku ya pili. Zimelala kwenye waya wa nyumbani kwangu, mke wangu anauliza za nani.

#24 mzee_wa_migebuka

Na ulimjibuje?

#25 ChajiKibirizi

Mzee, nilimwambia ni za heshi. Hiyo ilikuwa kosa kubwa kuliko la dogo.

#26 BintiUjiji

😂😂😂 "Heshi ni nani?"

#27 Mnyanyembe wa Isevya

Mimi nachukua mafungu ya vitano, madumu nayapanga Jumamosi. Ila mkuu, wafugaji wangu wengi namba zao zinaishia sifuri, maana nilizitoa mwenyewe kwa kumi kumi: 110, 120, 130.

#28 MpwaWaMjomba

Basi tumia tarakimu ya katikati, kaka. Ya mwisho itakujazia fungu moja tu.

#29 ChajiKibirizi

Wakuu nafunga kwa leo, saa kumi na moja imegonga na kuna watu kumi na wawili dirishani. Wa kwanza anaishia 7, wa pili 7, wa tatu ni yule aliyemkaba dogo. Naye 7.

#30 BintiUjiji

Mpe akiba, akae pekee yake.